Bendi Sita, Mimi Nane

2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimekupigia simu mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza binti yako akaniambia uko bafuni. Mara ya pili, uko bafuni. Mara ya tatu nikamuuliza kama umehamia huko, akacheka, akasema umeagiza kwamba mwenye neno na wewe aandike. Basi naandika. Barua ya mwisho niliyoandika ilikuwa ya kuomba ruhusa ya kutokwenda shule, na wewe ndiye uliyenisahihisha.

Kazi nimepata. Nafundisha muziki na bendi katika shule ya sekondari. Chumba chetu kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Tumeyasukumia ukutani, ikabaki nafasi ya watu kumi na tisa. Paa ni la bati, kwa hiyo mvua ikinyesha tunapumzika, hakuna ubishi. Mazoezi ni Jumanne na Ijumaa baada ya masomo. Tarehe 26 Aprili anakuja mkaguzi wa elimu. Akiridhika, muziki unabaki kwenye ratiba. Asiporidhika, stoo inarudi kuwa stoo na vyombo vinapelekwa shule nyingine. Mkuu wa shule aliniambia hayo akiwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, kama mtu aliyekwisha kuamua chumba atakitumiaje.

Binti yako anasema unataka nikupimie mazoezi kwa ile desturi yenu ya bendi ya reli, alama mbili kati ya kumi, moja ya bendi na moja yangu. Haya. Ngoma anapiga mmoja tunayemwita Treni, maana akishaondoka hasimami. Injinia yuko kwenye tromboni. Siku ya kwanza aliifungua yote aone ndani kuna nini, ikachukua siku mbili kuirudisha. Plasta ni klarineti ya pili. Ana jipu kisogoni, na sauti yake iko chini kidogo, haifiki kwenye noti. Tarumbeta ya kwanza ni msichana wa kidato cha mwisho, Kimya. Huyo hanisumbui kabisa. Wimbo wetu mkubwa una vipimo vinane katikati, mapigo manne kila kimoja, ambapo bendi nzima hunyamaza, ikabaki ngoma na tarumbeta ya kwanza peke yake. Vinakwenda vizuri.

Bendi sita, mimi nane. Kadi yenye sauti ya mazoezi ya jana nimeitia ndani ya bahasha.

Mpwa wako,
Mwalimu (ndiyo, uanze kuniita hivyo)


9 Machi

Mpwa wangu Mwalimu,

Marahaba. Bafuni nilikuwemo kweli. Mzee akiingia bafuni ana mambo mengi. Na simu siipendi tena, mtu anasema "haloo" mara nne, kisha anaaga.

Kadi nimeisikiliza mara mbili. Bendi ina uhai. Klarineti ya pili iko chini kidogo, na ngoma inakimbia. Huyo Treni angetufaa sana. Bendi yetu ilikuwa ya reli lakini tulichelewa kila mahali.

Alama zako ndizo zinanitia wasiwasi. Ngoja nikukumbushe habari ya kofia, maana ulikuwa mdogo nilipokusimulia. Baada ya kila mazoezi kiongozi wetu alivua kofia yake akaipitisha. Kila mtu aliandika alama mbili kwenye kikaratasi, bila jina, akatumbukiza. Kisha zote zilisomwa kwa sauti. Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, humpimi mwenzako. Ya pili, alama zako mbili zisilingane kamwe, kwa sababu ukijipa sawa na bendi, basi ama bendi hukuisikiliza ama wewe mwenyewe hukujisikiliza. Zako hazilingani, sawa. Lakini hiyo nane ni ya nini? Ya kufundisha au ya kupiga? Mwalimu hapigi.

Jingine. "Vinakwenda vizuri" si taarifa, ni salamu. Nataka kujua nani alianza, nani alichelewa, na alipopotea alimtazama nani. Niandikie kama mtu ambaye hakuwepo.

Mjomba wako


16 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nane ni ya kufundisha, ya nini tena?

Umetaka urefu, upate urefu. Jana tulianza saa tisa na nusu. Treni nilimfunikia ngoma kwa kitambaa cha jikoni, na akisikia sauti yake imepungua naye anapunguza mwendo, sijui kwa nini. Injinia sasa ananyoosha mkono sawasawa, mpaka ule mrija wa tromboni unapita kando ya sikio langu nahisi upepo. Plasta amebadilishiwa plasta. Hii ni ya bluu, na mama yake ameandika tarehe 14 juu yake kwa kalamu ili ajue lini atie nyingine. Alipokosea mstari wa tatu mabega yalipanda masikioni. Hakumtazama mtu. Klarineti ya kwanza alimkanyaga mguu, ndiyo namna yao ya kusaidiana.

Kimya ana vidole sahihi na mgongo wima, na anavuta pumzi mahali panapotakiwa. Vipimo vinane vimetoka safi kama maji ya kunywa. Mkuu wa shule alipita dirishani wakati huo, akatikisa kichwa kwa kukubali. Mara ya kwanza kumwona akikubali kitu.

Bendi saba, mimi nane. Kadi ya pili hii hapa. Kinasa sauti tunakitumia pamoja na ofisi ya walimu, kwa hiyo usishangae maandishi yaliyo juu ya kadi.

Mwalimu


23 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Kadi ya pili imenifurahisha. Ngoma imetulia, kile kitambaa kimefanya kazi. Klarineti ya pili bado iko chini.

Leo nina swali moja tu. Plasta ya yule kijana ni ya bluu na imeandikwa tarehe 14 kwa kalamu. Mwalimu anayesimama mbele ya bendi huona pua. Wewe unaona kisogo, hadi mwandiko wa mama yake. Na mrija wa tromboni unakupita sikioni. Katika kila bendi niliyopata kukaa, anayekaa nyuma ya klarineti na mbele ya tromboni ni tarumbeta.

Unakaa wapi, mama?

Mjomba wako


(Kikaratasi cha penseli, ndani ya bahasha hiyohiyo)

Dada,

Nakichomeka hiki baba akiwa anatafuta gundi. Kadi uliyotuma si ya bendi. Ni kikao cha walimu wenu. Mtu mmoja anazungumzia vyoo vya wavulana dakika arobaini na mwingine anakohoa. Baba aliketi nayo, redio imebanwa sikioni, mguu unapiga mapigo. Kisha akachukua barua yako akaisoma. Kisha akaniambia, "Klarineti ya pili bado iko chini." Nilitoka nje nikacheka, halafu nikalia.

Hasikii, dada. Tangu mwaka jana hasikii kabisa, labda mlango ukibamizwa. Ndiyo maana ya bafuni. Amenikataza kukwambia. Barua zako anaziweka chini ya mto. Usiache kuandika, na usimwambie kuwa nimesema.

Binamu yako


28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nasimama mbele, kama mwalimu yeyote. Watoto hugeuka, visogo vikaonekana.

Na mimi nina swali moja. Katika kadi ya pili, wimbo wa tatu, mwanzo wake uliuonaje? Nieleze kwa urefu, si unapenda urefu.

Bendi saba, mimi nane.

Mwalimu


3 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Wimbo wa tatu sikuusikia. Wa pili na wa kwanza vilevile.

Barua yako ilikuwa fupi na haina hata utani mmoja. Nikamwita binti yangu, nikamtazama tu, akaanza kulia kabla sijauliza. Usimlaumu, mimi sikumlaumu. Mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nimefichuliwa na kikao cha vyoo.

Sikio la kushoto lilianza kuondoka ningali bendini. La kulia limefuata mwaka jana. Sikukuambia kwa sababu niliona haya. Mimi ndiye niliyekufundisha kusikiliza, sasa nianzeje kukwambia kwamba sisikii? Na niliogopa kwamba ukijua, utaacha kuniandikia mazoezi, utaanza kuniandikia habari za mvua.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata binti yangu. Mwaka wangu wa mwisho bendini nilikuwa napiga nje ya sauti, wala sikujua. Vijana wawili waliokaa kushoto na kulia kwangu walikuwa wanapiga sehemu yangu juu yangu, kwa nguvu, ili nisisikike. Kwa heshima tupu. Mwaka mzima, mpwa wangu. Na kila mazoezi yakiisha nilijipa tisa. Siku moja kiongozi akasoma kikaratasi kutoka kwenye kofia: "Bendi tano, mimi saba, na tumechoka kumfunika mzee." Aliyeandika alivunja sheria, alimpima mwenzake. Nilifunga tarumbeta yangu nikaenda nyumbani, sikurudi. Walidhani nimekasirishwa na kikaratasi. Kilichonikasirisha ni ule mwaka. Wangeniambia siku ya kwanza, ningelia siku moja, kisha ningejifunza kupiga matoazi.

Ndiyo maana nakuuliza tena, na safari hii bila hila. Unakaa wapi? Na huyo Kimya anapiga nini?

Mjomba wako


10 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe kwa barua ile. Nilipouliza habari ya wimbo wa tatu nilikuwa nimekwisha kujua kwamba husikii. Niliuliza makusudi ili nikuone ukitapatapa. Ni ubaya, na nimeufanya mimi.

Nakaa safu ya tarumbeta, kiti cha pili kutoka ukutani, kando ya Kimya. Nimekaa hapo tangu wiki ya kwanza. Nane ilikuwa ya kupiga.

Barua yako ilifika Jumamosi. Ijumaa, kabla sijaisoma, nilikuwa na hasira bado na nikataka kukuonyesha kwamba hakuna kilichoharibika darasani kwangu. Nikaazima kofia ya mlinzi wa geti, nikawaeleza watoto sheria zenu, wakaandika. Nikaanza kusoma. Bendi saba, mimi sita. Bendi tisa, mimi kumi, na huyo ni Treni hata bila jina. Bendi tano, mimi nne, natafuta skrubu. Wanacheka, na mimi nacheka. Cha kumi na moja nilikisoma kwa sauti kabla akili haijafika: "Bendi saba, mimi sifuri. Sijapiga tangu muhula uanze."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyegeuka kumtafuta mwenyewe pia, na hapo nikajua kwamba wote walikuwa wanajua.

Wenzake walipoondoka nilimbakiza Kimya. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilidhani ndivyo unavyotaka, Mwalimu," akasema. "Siku ya kwanza nilikosea, ukachukua tarumbeta yako ukaniambia, ni hivi. Nikangoja umalize. Hukumaliza."

Hakuwa na hasira. Alikuwa anafuta vitufe vya tarumbeta kwa pindo la sketi. Nikamuuliza, na vile vidole, mbona haviendi kombo hata kimoja?

"Vidole navijua. Nyumbani nafanya kwenye meza. Sauti ndiyo sijui kama ninayo."

Jana nikaacha tarumbeta yangu nyumbani, nikasimama mbele. Tulipofika vipimo vinane Kimya akainua tarumbeta, akavuta pumzi palepale panapotakiwa, na hakikutoka kitu. Ngoma ikaenda peke yake vipimo vyote vinane. Mkuu wa shule alikuwa dirishani, akasimama mpaka vikaisha.

Baadaye akaniita ofisini. Si mtu mbaya. Akaniambia, "Mwalimu, kaa nao siku hiyo upige. Mkaguzi hajui nani mwalimu nani mwanafunzi, anasikiliza bendi. Tunataka somo libaki, au wewe hutaki?"

Nataka. Na nikuambie ukweli wote, maana na wewe umeniambia wako. Sina mahali pengine pa kupiga. Nilijaribu bendi mbili mjini, zote zikanisikiliza, zikasema watanipigia simu. Simu iko hapa mezani, huu mwaka wa pili. Jumanne na Ijumaa, ndani ya vile vipimo vinane, mimi ni mpiga tarumbeta. Nikimwachia Kimya, nabaki nani? Naona aibu kuandika hivi, nikijua kwamba nimekalia kiti cha mtoto wa watu.

Zimebaki siku kumi na sita. Nifanye nini?

Bendi tatu. Mimi sijui.

Mpwa wako


14 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nilikusamehe ukurasa wa kwanza, nikaendelea kusoma.

Utabaki nani, sina jibu la leo. Nami nilijiuliza hivyo nilipotoka bendini, na sikupata jibu kwa kujiuliza. La Kimya lina jibu, nalo ni kazi tu. Siku tatu asiguse tarumbeta. Mpe kile kikombe cha kupulizia peke yake, dakika kumi asubuhi, dakika kumi mchana. Kitatoa mlio wa nyuki, wenzake watamcheka, acha wacheke. Kisha apige noti ndefu, za chini, moja moja, mpaka achoke kuziogopa. Kisha vipimo viwili. Nimesema viwili. Akivimudu, viwili vingine.

Usimwonyeshe kwa kupiga. Hilo ndilo kosa lenyewe. Ukitaka kumwonyesha, mwimbie. Sauti yako ya kuimba ni mbaya, naikumbuka vizuri, kwa hiyo hatakuogopa.

Tarumbeta yako mpe jirani akufungie kabatini, na ufunguo akae nao. Najua unacheka. Yangu mimi binti yangu aliificha darini.

Siku ya mkaguzi anaweza kushindwa. Sikuahidi kitu. Somo linaweza kufa, na mkuu wa shule akasema alikwambia. Lakini akishindwa atakuwa ameshindwa yeye, na atajua ameshindwa wapi. Mimi nilinyimwa hilo.

Siku hiyo niandikie yote. Na uandike ukiwa mbele.

Mjomba wako


27 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Naandika nikiwa mbele.

Nikiwa mbele nimegundua kwamba Plasta ana kovu dogo juu ya mdomo, Treni anang'ata ulimi akipiga, na Injinia hufumba jicho moja kama anapima ubao. Miezi miwili nimewafundisha na sikuwa nayajua haya. Jipu limepona.

Mkaguzi ni mama wa makamo, ana miwani mbili, moja ya kuona na moja ya kuandika, na kila mara huivaa isiyohusika. Alikaa kwenye dawati tulilolitegemeza kwa tofali. Mkuu wa shule alikuwa ameweka kiti kitupu safu ya tarumbeta, kando ya Kimya. Alikitazama, kisha akanitazama mimi. Nikakichukua nikampelekea yeye akalie. Akakaa, afanyeje.

Wimbo wa kwanza ulikwenda kama unavyokwenda. Mama yake Plasta alikuwa amesimama nje dirishani na kikapu, na Plasta alipiga wimbo wote kidevu amekigeuzia huko. Wimbo wa pili Treni akaondoka mbio. Nikashusha mkono, akauona, akapunguza. Tukafika kwenye vipimo vinane.

Kimya alichelewa pigo moja. Noti ya kwanza ilitoka ndogo. Ya pili ilikuwa sawa. Ya tatu, ile ya juu, ikapasuka katikati, ikalia kama bata. Klarineti zote zikainamisha vichwa. Kimya akaondoa tarumbeta mdomoni. Mjomba, vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia vilijifunga hewani, vyenyewe, juu ya tarumbeta iliyo kabatini kwa jirani. Midomo yangu ilikuwa imekwisha kukaza. Kama ningekuwa nayo mkononi ningepiga, sikufichi.

Halafu nikasikia ngoma. Treni, ambaye hajawahi kumngoja mtu tangu azaliwe, alikuwa anapunguza. Hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama Kimya, anapiga pigo moja, anangoja, pigo moja, anangoja, kama mtu aliyeshikilia mlango ili mwenye mzigo apite. Kimya akarudisha tarumbeta mdomoni akaanza kipimo cha tatu. Cha tatu na cha nne alivipiga kwa tahadhari. Cha tano alisahau kuogopa. Sauti yake si kama yangu. Mimi napiga kwa kung'aa, yeye ana sauti nene yenye pumzi ndani yake, ya mtu anayeongea na aliye karibu. Nimevipiga vipimo vile wiki tano na sikuwa najua kwamba vina huzuni. Nililia, huku nikiwapa bendi ishara ya kuingia, wakaingia wote isipokuwa Injinia, aliyekuwa amefumbua macho yote mawili ananishangaa.

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu, akabadilisha miwani, akamuuliza Kimya, "Ile noti ya juu ilikuwaje?"

"Nilikosea."

"Kisha?"

"Nikaendelea."

Akaandika na hilo. Somo linabaki. Ila tumepunguziwa, mazoezi mara moja kwa wiki, na mwakani tutakaguliwa tena. Mkuu wa shule hajafurahi wala hajachukia, anauliza tu madawati mabovu yatakwenda wapi.

Kofia ilipita. Kikaratasi kimoja kiliandikwa, "Bendi sita, mimi nne." Hakina jina, lakini mwandiko naujua, na nimekiweka mfukoni.

Mimi pia naipa bendi sita. Yangu siijui. Kutopiga ni alama ngapi, mjomba? Nimeona ni kazi kuliko kupiga.

Mpwa wako


5 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua ilifika Alhamisi. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama mjomba wako, mara ya pili kama mpiga tarumbeta. Mara ya tatu binti yangu alinikuta nimebonyeza meza kwa vidole vitatu, akaniuliza nafanya nini. Nilikuwa kwenye kipimo cha tano.

Habari ya zile kadi mbili nilikudanganya. Sasa sikudanganyi. Nilipofika kwenye ile noti ya tatu niliisikia ikipasuka. Naujua mlio ule, nimewahi kuutoa mimi mwenyewe mbele ya watu wengi kuliko hao. Kisha nikamsikia Treni akingoja. Wenzangu mimi walinifunika, na walikuwa wananipenda, lakini hakuna aliyefikiri kupunguza mwendo. Mpe salamu zangu. Mwambie zinatoka kwa mtu wa reli.

Kutopiga hakukuwa na alama katika kofia yetu, kwa hiyo siwezi kukupimia. Lakini uliniuliza pia utabaki nani. Nenda kwa jirani ukachukue tarumbeta yako. Fungua dirisha, piga vile vipimo vinane ukiwa peke yako, bila bendi ya kukunyanyua na bila mtoto wa kumfunika. Ujisikilize. Ujipe alama ya kweli hata kama ni tatu, kisha uniandikie kama ulivyoandika hii, noti kwa noti. Mimi niko nyumbani. Bafuni sikai tena.

Nami nimejipima. Bendi sita, nakubaliana na wewe. Mimi tisa. Mara ya mwisho nilipojipa tisa nilikuwa na wenzangu pande zote na sikumsikia hata mmoja. Jana niliwasikia wote kumi na tisa.

Mjomba wako

Klarineti ya pili bado iko chini. Hukuliandika hilo, lakini umeandika kwamba Plasta alikuwa amemgeuzia mama yake kidevu wimbo mzima, na hakuna apulizaye klarineti kwa shingo iliyopinda akaifikia sauti. Mwambie mama asimame mbele.